Wiki ya masomo katika shule za msingi za Bagamoyo

Wiki ya masomo katika shule za msingi za Bagamoyo ni mpangilio wa siku 5, Jumatatu hadi Ijumaa, ambamo wanafunzi hufundishwa vipindi vya darasani na kushiriki shughuli nyingine za shule kama usafi, michezo, kazi za bustani na kipindi cha dini. Kama kwingineko Tanzania Bara, mpangilio huo hutokana na mtaala unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na kalenda ya mihula inayotolewa na serikali. Makala hii inahusu hasa shule za serikali za wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani, na vijiji vya mwambao vilivyo kaskazini ya Dar es Salaam. Huko ratiba ya serikali hukutana na ratiba nyingine mbili za zamani kuliko yenyewe, yaani ratiba ya madrasa na ratiba ya maji ya bahari.

Historia

Kabla ya shule za kisasa watoto wa mwambao walisoma chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani. Waliandika aya juu ya ubao wa mti kwa wino, wakazisoma kwa sauti hadi wazishike, kisha ubao ukaoshwa ili ziandikwe nyingine. Wiki ya chuo haikufanana na ya shule ya leo: mapumziko yake yalikuwa Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi ndipo kazi ilipoanza upya. Majina ya siku bado yanafuata hesabu hiyo. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili na Jumatatu ya tatu, kwa hiyo mwanafunzi anayeingia darasani Jumatatu asubuhi anaianza wiki ya serikali katika siku ya tatu ya wiki ya Kiswahili. Maisha ya watoto wa chuo katika eneo hili yameelezwa katika kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Antoine Horner, walianzisha misheni Bagamoyo. Wengi wa watoto wa kwanza waliolelewa pale walikuwa wamekombolewa kutoka utumwani, na siku zao ziligawanywa kati ya sala, darasa, shamba na karakana.

Wajerumani walipotawala walifungua shule za serikali katika miji ya pwani, Bagamoyo ikiwa mojawapo. Shule hizo zilifundisha kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, zikiwa na lengo la kupata makarani, wakalimani na maakida. Hazikuwa za misheni, na hilo liliwapunguzia hofu wazazi Waislamu. Katika miaka hiyo ya 1890 mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alitoa jengo la ghorofa mjini Bagamoyo litumike kama shule ya watoto wa rangi zote. Wazo hilo halikudumu: chini ya Waingereza shule za Waafrika, Wahindi na Wazungu zilikwenda kila moja kivyake hadi baada ya uhuru wa mwaka 1961.

Umbo la wiki ya sasa lina alama nyingi za miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na shamba la shule likaingia katika ratiba kama sehemu ya masomo. Azimio la Musoma la 1974 lilisukuma mbele elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikalazimisha mahudhurio. Ada iliyokuwa imerudishwa baadaye ilifutwa tena mwaka 2001, wakati wa kuingia kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na kuanzia Januari 2016 serikali ilianza kutekeleza utaratibu wa elimu bila malipo uliopiga marufuku michango ya lazima. Kila hatua kati ya hizi iliongeza watoto madarasani kwa kasi kuliko madawati na walimu.

Ratiba na vipindi

Mwaka wa masomo huanza Januari na kumalizika Desemba. Una mihula miwili, kila mmoja ukiwa na likizo fupi katikati, na siku za masomo ni 194. Kipindi cha Darasa la I na II ni cha dakika 30, na cha Darasa la III kwenda juu ni cha dakika 40. Ratiba nyingi za madarasa ya juu zina vipindi 8 kwa siku, yaani 40 kwa wiki.

Ratiba huandaliwa na mwalimu wa taaluma na kubandikwa ofisini na katika kila darasa. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Hisabati na lugha hupendelewa vipindi vya asubuhi, kabla jua la pwani halijachemsha mabati. Lakini madarasa yote hayawezi kuwa na Hisabati asubuhi ikiwa walimu wa somo hilo ni wawili. Somo linalobaki mwishoni mwa siku mara nyingi ni lile lile wiki hadi wiki, na wanafunzi hulijua kama somo la kusinzia hata kama mwalimu wake ni hodari.

Nyuma ya kila kipindi kuna maandishi ambayo mwanafunzi hayaoni. Mwalimu hugawa mada za mwaka katika azimio la kazi, huandika andalio la somo kwa kila kipindi, na baada ya kufundisha mada huijaza katika shajara ya somo. Darasa nalo lina shajara yake, ambamo hurekodiwa kama kipindi kimefundishwa au hakikufundishwa. Mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata na wathibiti ubora wa shule hukagua nyaraka hizi, na si ajabu zikawa kamili kuliko madaftari ya watoto.

Masomo yenyewe yamebadilika mara mbili ndani ya miaka 10. Mtaala wa Darasa la I na II ulioanza mwaka 2015 ulipunguza wingi wa masomo na kuelekeza asilimia 80 ya muda kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024 katika elimu ya awali, Darasa la I na Darasa la III. Ndani yake Kiingereza huanza Darasa la I, na kuanzia Darasa la III kuna masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na Sanaa na Michezo. Kwa mji wenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, somo hili la mwisho halikosi wajuzi wa kulisaidia. Linachokosa mara nyingi ni kipindi kisichokatwa, kwa kuwa Sanaa na Michezo ndiyo ya kwanza kutolewa mhanga mtihani ukikaribia.

Mwendo wa siku

Wanafunzi hufika shuleni kati ya saa 1:00 na saa 1:30 asubuhi. Kazi ya kwanza ni usafi: kufagia uwanja kwa fagio za chelewa ambazo kila mtoto huja nazo kutoka nyumbani, kuokota majani ya miembe na mikorosho, kuchota maji, kuosha vyoo na kumwagilia bustani. Maeneo hugawiwa kwa darasa na viranja husimamia. Kengele ya shule nyingi ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma.

Kisha wanafunzi hupanga mistari. Bendera hupandishwa, Wimbo wa Taifa huimbwa, na mwalimu wa zamu hukagua kucha, nywele na sare kabla ya kutoa matangazo. Zamu hii ndiyo inayoipa wiki sura yake. Mwalimu wa zamu huipokea Jumatatu, husimamia kengele, uchelewaji, usafi na mahudhurio kwa siku 5, huandika taarifa kila siku katika kitabu cha zamu, na Ijumaa huikabidhi kwa mwenzake. Watoto hujua tangu Jumatatu wiki itakuwa ya namna gani kwa kumwona tu aliyesimama mbele ya mistari.

Masomo huanza saa 2:00. Darasa la I na II hutoka mapema, kabla ya adhuhuri au karibu nayo; wakubwa huendelea hadi saa 8 mchana au kuzidi kidogo. Katikati kuna mapumziko. Pale wazazi walipokubaliana kuchangia, hupikwa uji wa mahindi, na katika baadhi ya shule chakula cha mchana cha makande au ugali na maharage. Pasipo na makubaliano hayo mtoto hununua muhogo wa kukaanga, kachori au ubuyu kwa wachuuzi wa nje ya uzio, au hana anachokula hadi arudi nyumbani. Shule zenye wanafunzi wengi kuliko vyumba hugawa siku kwa zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana.

Darasa la I na II

Kusoma hufundishwa kwa kuanza na sauti za herufi, kisha silabi, kisha maneno na sentensi fupi. Tahajia ya Kiswahili inasaidia sana hapa, kwa sababu herufi hutamkwa karibu kama ilivyoandikwa. Mtoto aliyeshika silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kuandika huanza kwa kuchora mistari na maumbo hewani na mchangani kabla ya kushika penseli, na imla huja baadaye. Kuhesabu hufanywa kwa vitu vya kushika kama vijiti, mawe na visoda, na katika shule za karibu na bahari hutumika pia makombe ya ufukweni.

Wanafunzi wa Bagamoyo wana faida moja ambayo wenzao wa vijiji vingi vya bara hawana: Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Hata katika familia za Wakwere, Wazaramo, Wadoe au Wazigua, mtoto huingia Darasa la I akiwa tayari anazungumza lugha ya kufundishia. Anachokutana nacho kigeni ni Kiswahili cha kitabuni, ambacho wakati mwingine hutumia neno jingine kwa kitu anachokijua vizuri. Walimu wengi hutoka mikoa mingine, na hutokea mwalimu akajifunza majina ya samaki kutoka kwa wanafunzi wake. Faida hii ya lugha hupungua mwanafunzi anapofika sekondari, ambako kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza.

Ugumu mkubwa ni idadi. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini madarasa ya mwanzo huzidi hapo mara kwa mara. Darasa likijaa, njia rahisi ni kuitikia kwa pamoja: mwalimu anasoma, wote wanarudia. Kwa sikio la mgeni darasa hilo linasoma. Asiyejua kusoma anaweza kujificha ndani ya kiitikio kwa miaka miwili, akijua kurasa kwa moyo bila kuzitambua herufi. Ndiyo maana walimu wenye uzoefu humwita mtoto mmoja mmoja mezani na kumwonyesha neno lililotoka katikati ya ukurasa, si mwanzoni. Zoezi hilo humaliza kipindi kizima kwa watoto wachache tu, na kwa darasa la 90 linahitaji wiki kadhaa kumzungukia kila mmoja mara moja.

Ijumaa na madrasa

Sehemu kubwa ya wakazi wa mwambao ni Waislamu, na Ijumaa hubeba sura hiyo. Kipindi cha dini mara nyingi huwekwa siku hiyo. Wanafunzi hugawanyika kwa imani zao: Waislamu hufundishwa na maalimu au ustadhi, Wakristo na katekista, sista au mwalimu wa dhehebu lao. Masomo hukatishwa mapema kidogo ili walimu na wavulana wakubwa wawahi swala ya Ijumaa. Kabla ya kutawanyika kuna usafi wa jumla, na katika madarasa ya juu jaribio la wiki.

Siku nyingine mtoto anayetoka shule saa 8 huvua sare, hula, na alasiri huwa yuko madrasa hadi karibu na magharibi. Jumamosi na Jumapili asubuhi hurudi huko huko. Kwa hiyo wiki ya masomo ya mtoto wengi wa mwambao huwa na siku 7, na hesabu ya serikali huziona 5 tu. Wapo walimu wa shule wanaolalamika kwamba kazi za nyumbani hazifanywi kwa sababu ya madrasa. Lakini madrasa humzoesha mtoto kukaa mbele ya maandishi, kusikiliza na kukariri kwa utaratibu tangu ana miaka 4 au 5, na mazoea hayo huja naye Darasa la I. Mvutano wa kweli uko kwenye muda wa kupumzika na kucheza, ambao hauna mtu wa kuutetea.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha mwendo wote. Uji haupikwi au hupikwa kwa wachache, wakubwa wanaofunga huchoka mapema, na mchana darasa huwa kimya. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, kuna miaka inapoangukia likizo na miaka inapoangukia maandalizi ya mtihani.

Bahari na mahudhurio

Ratiba ya tatu haijabandikwa ukutani. Maji ya bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na bahari hukupwa mbali kuliko siku nyingine. Katika mwambao huu maji ya bamvua hukupwa zaidi asubuhi, kiasi cha saa 4 hadi saa 5, yaani katikati ya vipindi. Huo ndio wakati wa kutanda uduvi kwa nguo au vyandarua, kukusanya chaza na kombe, na katika vijiji kama Mlingotini kuhudumia mashamba ya mwani. Kazi hizi ni za wanawake zaidi, na mama akienda baharini, binti hubaki na mdogo wake au hufuatana naye. Wavulana wakubwa huvutwa na soko la samaki, ambako vyombo huingia na kuna ujira mdogo wa kubeba ndoo na kuparua samaki.

Wiki ya bamvua rejesta huonyesha mapengo. Wiki ya maji mafu watoto hurudi. Mtoto anayekosa siku 2 katika kila wiki 2 za masomo hupoteza moja ya tano ya mwaka, yaani karibu siku 39 kati ya 194. Kwa ratiba ya vipindi 8 hiyo ni zaidi ya vipindi 300. Kwa mwalimu, utoro huu ni tofauti na wa mvua za masika, Machi hadi Mei, ambapo njia za kuelekea bonde la Ruvu hujaa maji na darasa zima hupungua kwa pamoja. Utoro wa bamvua huwapata watoto wale wale, kwa mpangilio ule ule, na mada inayofundishwa siku hizo hubaki shimo katika madaftari yao. Mwalimu anayejua kalenda ya mwezi anaweza kuiweka mada mpya nje ya siku hizo na kutumia za bamvua kwa marudio. Hakuna waraka unaomtaka afanye hivyo, lakini ni jambo linalowezekana bila gharama yoyote.

Muda halisi wa kufundishwa

Kuwepo shuleni si sawa na kufundishwa. Utafiti wa viashiria vya utoaji wa huduma uliofanywa nchini mwaka 2010 na Benki ya Dunia pamoja na washirika wake ulikuta kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi alifundishwa wastani wa saa 2 na dakika 4 kwa siku, wakati ratiba ilitaka saa 5 na dakika 12. Sababu kubwa haikuwa walimu kukosa kufika kazini. Wengi walikuwa ndani ya eneo la shule lakini nje ya darasa. Takwimu hizo ni za nchi nzima na hazikuihusu Bagamoyo peke yake.

Anayekaa siku moja ofisini mwa walimu huona sehemu ya maelezo. Mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki ana madaftari mamia ya kusahihisha, andalio la kuandika, fomu za takwimu zinazotakiwa kata leo hii, mzazi anayesubiri mlangoni na mgeni wa halmashauri anayetarajiwa. Kipindi kimoja kisipofundishwa hakuna kinachoharibika mbele ya macho. Kiranja huandika majina ya wapiga kelele ubaoni, na darasa hungoja kengele.

Mitihani

Wiki za Darasa la IV na la VII hutofautiana na za wengine. Darasa la IV hufanya Upimaji wa Kitaifa na Darasa la VII hufanya Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, yote ikisimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Mtihani wa Darasa la VII hufanyika Septemba kwa siku 2. Miezi kadhaa kabla yake Jumamosi hugeuka siku ya masomo, na michezo hutoweka katika ratiba ya darasa hilo, hata katika msimu wa mashindano ya UMITASHUMTA.

Chini ya mitaala mipya elimu ya msingi itakuwa ya miaka 6. Wanafunzi walioingia Darasa la III mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza wakiwa Darasa la VI mwaka 2027, mwaka huo huo ambao kundi la mwisho la Darasa la VII nalo litamaliza.